Majibu ya Saa Mbili: Kweli na Uongo Kuhusu Vipimo vya Bakteria Sugu

Pita barabara yenye shughuli Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, hukosi kuona karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "UTI sugu inatibika", na namba ya simu chini yake. Aliyeibandika hajaotesha mkojo wa mtu yeyote. Anayempigia naye, mara nyingi, hajawahi kuoteshewa. Alichonacho ni maumivu yaliyorudi mara ya tatu baada ya kumeza sipro ya duka la dawa, na kwa mtaani hilo latosha kuitwa usugu.

Usugu wa kweli ni jambo linalopimwa. Ni bakteria fulani mbele ya dawa fulani. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita upimaji huo umeongeza mwendo mno: majibu yaliyokuwa yakichukua wiki sasa huweza kutoka kabla ya chai ya saa nne. Mbio hizo zimezaa imani zake, na hizi hapa ni zile zinazosikika zaidi kwenye mabenchi ya kungojea majibu, redioni na, tuseme ukweli, midomoni mwa wahudumu wa afya wenyewe.

"Majibu ya usugu ni lazima yangojwe siku nyingi"

Ilikuwa kweli. Siku hizi inategemea uko wapi na unapimwa nini.

Njia ya kawaida ni ya kuotesha, ambayo watu wa maabara huiita kalcha. Sampuli hupakwa kwenye sahani ya agari, jeli yenye chakula cha bakteria, na kulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35 au zaidi kidogo. Asubuhi madoa ya bakteria yakionekana, mtaalamu huchota machache, huyakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yapate ukungu wa kiwango maalumu, kisha hupaka sahani nyingine na kupanga juu yake vikaratasi vya duara vya milimita 6, kila kimoja na dawa yake. Huo ni usiku wa pili. Kesho yake hushika rula. Kikaratasi chenye dawa inayofaa huwa kimezungukwa na uwanja mtupu ambamo hakuna kilichoota. Upana wa uwanja huo kwa milimita, ukilinganishwa na jedwali, ndio unaotoa hukumu. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 1966 na Bauer, Kirby na wenzao huko Marekani, na ukiingia leo kwenye maabara ya hospitali ya rufaa inayootesha vimelea utaukuta ungali kazini.

Jumla ni siku 2 hadi 3, tena kwa E. coli, ambaye katika mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu hujigawa takribani mara moja kwa siku. Kumwotesha ni wiki kadhaa, na kumwotesha kisha kumjaribu kwa dawa kulikuwa kukifika miezi, huku mgonjwa akikohoa nyumbani kwake.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Xpert MTB/RIF, kipimo kinachotumia mashine ya GeneXpert. Chini ya saa 2 kinasema kama makohozi yana bakteria wa kifua kikuu, na kama bakteria hao wana usugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huo. Badala ya kungoja bakteria aote, mashine inanakili vinasaba vyake mara nyingi mno mpaka vionekane.

Kuna njia nyingine ambayo mimi hunivutia zaidi, kwa sababu haikuacha kuotesha, imepunguza tu kungoja. Juni 2024, jijini London, tuzo ya Longitude ya pauni milioni 8 ilikwenda kwa kampuni ya Sysmex Astrego, iliyokuza kipimo cha mkojo kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mkojo kidogo, haufiki nusu mililita, huingizwa kwenye katriji yenye vijifereji zaidi ya 10,000 ambamo bakteria hunaswa. Ndani ya dakika 15 kifaa kinasema kama bakteria wapo, na ikifika dakika 45 kimeshasema ni ipi kati ya dawa 5 inayowazuia kukua. Kinafanya kazi ileile ya sahani na rula. Ila hadubini inamwona bakteria mmoja mmoja akirefuka au akikwama ndani ya dawa, haina haja ya kusubiri mpaka wawe mamilioni na kufanya doa linaloonekana kwa macho.

"Mashine ikisema hakuna usugu, dawa zote zitafanya kazi"

Si kweli. Kati ya imani zote, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana humpata hata aliyesoma.

Tazama kinachofanyika. Makohozi huchanganywa na dawa ya maji, sehemu mbili za dawa kwa moja ya makohozi, yakatikiswa na kuachwa dakika 15 yalainike. Mililita 2 huvutwa na kutiwa kwenye katriji, kifuniko kikafungwa, katriji ikaingizwa kwenye mashine. Kuanzia hapo mtu hagusi kitu. Ndani, mashine inakwenda kutazama kipande kifupi cha jeni moja iitwayo rpoB, kwa sababu mabadiliko mengi yanayomfanya bakteria huyu ashindane na rifampisini hutokea pale. Haitazami penginepo.

Kwa hiyo mgonjwa akiuliza, "Daktari, si mashine imesema sina usugu?", jibu la haki ni kwamba mashine imesema haikuona usugu wa rifampisini mahali ilipotazama. Isoniazidi, dawa nyingine kubwa ya kifua kikuu, haikuulizwa kabisa. Mtu mwenye bakteria sugu kwa isoniazidi peke yake hupita kwenye Xpert ya kawaida akiwa safi. Kipimo kingine cha mashine hizo kinachotazama isoniazidi na dawa za jamii ya sipro kilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, lakini kinataka moduli mpya, zile za awali hazikiwezi.

Hata kwa rifampisini yenyewe kuna vichochoro. Eswatini ndiyo iliyotufundisha. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika mwaka 2009, takribani asilimia 30 ya bakteria wa kifua kikuu sugu kwa dawa nyingi walikuwa na badiliko lililoko kwenye jeni ileile ya rpoB, ila nje kidogo ya kile kipande kinachotazamwa. Kwa Xpert walionekana watiifu. Sahani ndizo zilizowafichua. Nchi ilikuwa na aina ya usugu inayosambaa kutoka mtu hadi mtu, na kila ilipopimwa kwa njia ya haraka, majibu yalimpa mgonjwa dawa isiyomfaa na kumrudisha nyumbani kuwaambukiza wengine.

Wodini kuna mfano mwingine. Karbapenemu, kama meropenemu, ni dawa zinazowekwa akiba kwa ajili ya maambukizi mabaya. Baadhi ya bakteria hutengeneza vimeng'enya vinavyozikata vipande. Upo ukanda mdogo, umbo lake kama kipimo cha ujauzito, unaotambua familia 5 za vimeng'enya hivyo ndani ya dakika 15: KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48. Ni kifaa kizuri sana. Lakini bakteria anaweza kuishinda meropenemu kwa kuziba vijitundu ambamo dawa hupitia, akisaidiwa na kimeng'enya cha kawaida ambacho ukanda haukijui. Mstari hautatokea, na dawa haitafanya kazi.

Kwa maneno mengine, jibu chanya la kipimo cha jeni lina uzito kuliko jibu hasi. Karatasi ya majibu ingeandika "hatukuona tulichokitafuta" badala ya "hakuna", tungeepuka mengi.

"Jeni imeonekana, basi bakteria yu hai na ugonjwa upo"

Si lazima. Vinasaba vya bakteria aliyekufa hubaki mwilini kwa muda. Mtu aliyetibiwa kifua kikuu akapona anaweza kutoa makohozi yenye mabaki, na mashine ikayasoma. Toleo la Xpert liitwalo Ultra, lililopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lina jicho kali zaidi: huona hata bakteria 16 hivi kwa mililita, wakati hadubini ya kawaida huhitaji maelfu. Ukali huo una gharama yake. Wakati mwingine Ultra hutoa jibu la "chembe tu", yaani kuna dalili ndogo mno ya bakteria, na hapo haiwezi kusema lolote kuhusu rifampisini. Daktari anarudi kwenye historia ya mgonjwa, picha ya kifua na sampuli nyingine.

"Nimepima Widal, wamesema taifodi sugu"

Si kweli, na haiwezi kuwa kweli kwa namna yoyote.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896, kimepewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal. Hutafuta kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo. Kinga hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa mwaka juzi, za chanjo, au za bakteria wengine wa jamii hiyohiyo, na hata malaria huweza kukivuruga kipimo. Ndiyo maana nchi nzima ina watu walioambiwa wana "malaria na taifodi" siku moja, kwa tone moja la damu. Lakini hata pale kinapopatia, kipimo hiki hakijamgusa bakteria mwenyewe. Kimepima mwili wako. Hakina njia ya kujua bakteria huyo anazuiwa na sipro au na seftriaksoni.

Na homa ya matumbo sugu ipo kweli, si hadithi. Aina ya bakteria iitwayo H58, yenye usugu kwa dawa nyingi za zamani, imetoka Asia na kusambaa hadi Afrika Mashariki. Huko Sindh, Pakistan, mwaka 2016 ulizuka mlipuko wa aina iliyozishinda karibu dawa zote za kawaida, seftriaksoni ikiwemo. Yote hayo yalijulikana kwa kuotesha damu. Widal haikuwa na la kusema.

"Chembechembe za usaha zikijaa kwenye mkojo ni UTI sugu"

Si kweli. Chembechembe zinaonyesha kwamba mwili unapambana na kitu. Kijikaratasi cha kuchovya, kile kinachobadilika rangi baada ya dakika moja au mbili, huongeza habari kidogo: sehemu ya naitraiti hubadilika pale bakteria wa aina fulani wanapogeuza naitreti ya mkojo. Wapo bakteria wa mkojo wasiofanya hivyo kabisa. Usugu hauonekani kwenye rangi yoyote ya karatasi hiyo. Anayekuandikia "UTI sugu" kwa kipimo hiki amebahatisha, hata kama amevaa koti jeupe.

"Panya wa Morogoro wanatambua kifua kikuu sugu"

Wanatambua kifua kikuu. Usugu hapana.

Panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, hunusa makohozi yaliyokwisha kuchemshwa ili yasiambukize. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo kwa mtu wa hadubini ni ya siku kadhaa, na huokota wagonjwa ambao zahanati iliwaambia hawana kitu. Baada ya pua yake, sampuli inathibitishwa maabara. Bakteria sugu na asiye sugu, kwa panya, wananuka sawa. Sioni aibu yoyote hapo: kila kipimo katika makala haya kina swali lake moja, na panya analijibu la kwake kwa ujira wa ndizi.

"Majibu ya haraka yanaokoa maisha"

Nusu kweli, na nusu iliyobaki inaumiza kuisikia.

Kuna jaribio lililofanyika katika vituo vya afya vya Cape Town, Durban, Harare, Lusaka na Mbeya, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 1,502 waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu waligawanywa: nusu walipimwa kwa hadubini, nusu kwa Xpert iliyowekwa hapohapo kituoni na kuendeshwa na muuguzi. Xpert ilifanya ilichotarajiwa. Walioanza dawa siku ileile walikuwa asilimia 23, dhidi ya asilimia 15 kwa hadubini. Lakini miezi 6 baadaye, hali za wagonjwa wa pande mbili hazikutofautiana. Sababu kubwa ni kwamba madaktari wa vituo hivyo, wakijua hadubini inavyokosa, walikuwa tayari wanawaanzishia dawa wagonjwa wengi kwa dalili na picha ya kifua bila kungoja jibu. Mashine ilileta uhakika zaidi ya ilivyobadili mwenendo.

Tukitoka kwenye kifua kikuu, hospitali ya Mayo Clinic kule Minnesota ilifanya jambo la kufanana kwa wagonjwa 617 wenye bakteria kwenye damu, matokeo yakatoka mwaka 2015. Kundi la kwanza lilipata vipimo vya kawaida. La pili lilipata kipimo cha haraka cha jeni. La tatu lilipata kipimo kilekile, pamoja na mtaalamu wa antibiotiki anayempigia simu daktari na kumshauri. Muda wa kumtoa mgonjwa kwenye dawa kali na kumpa ile inayomfaa ulikuwa saa 34 kwa kundi la kwanza, saa 38 kwa la pili, na saa 21 kwa la tatu. Soma tena ile ya pili. Kipimo cha haraka peke yake hakikuharakisha hatua hiyo hata kidogo. Kilichoiharakisha ni simu. Vifo havikutofautiana katika makundi yote matatu.

Huko ni hospitali tajiri yenye kila kitu. Kwetu jibu linaweza kutoka saa 8 mchana, likalala kwenye kaunta ya maabara hadi raundi ya kesho asubuhi, kisha likasomwa na daktari ambaye duka la hospitali yake halina dawa iliyopendekezwa. Mnunuzi wa mashine anaweza kuonyesha risiti. Saa zilizopotea kati ya kaunta na kitanda hazina risiti, na hakuna anayezihesabu.

"Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza"

Kweli tupu.

Mtu mzima mwenye maambukizi ya damu mara nyingi ana bakteria wasiofika 10 kwa kila mililita. Ndiyo maana chupa moja ya kuotesha hutaka mililita 8 hadi 10 za damu, kiasi ambacho huwashtua ndugu wa mgonjwa: "Nesi, mbona mnamkamua hivyo?" Ukishachoma seftriaksoni, hao wachache hushindwa kuota chupani hata kama hawajaisha mwilini. Mashine yoyote utakayoiweka mbele baada ya hapo itapokea chupa tupu.

Kwa nini ujisumbue na chupa? Jibu lilishatoka Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kuanzia Agosti 2001 hadi Agosti 2002 watafiti walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mazito. Watoto 255 walikutwa na vimelea kwenye damu. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi, akina Klebsiella, E. coli na Salmonella, walifariki asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walifariki asilimia 20.2. Ugonjwa tuliouogopa kuliko wote ulikuwa ukiua chini ya nusu ya kiwango cha ule ambao wengi hawakuwa na jina lake. Na kupewa dawa ambayo bakteria alikuwa sugu kwake kulitabiri kifo. Katika hospitali hiyohiyo, watoto waliopatikana na bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa za jamii ya seftriaksoni walifariki asilimia 71.

Mtoto wa namna hii hana siku 3 za kungoja rula. Ukitaka kujua vipimo vya haraka vinamhusu nani hasa, anza na huyu.

"Haraka maana yake mashine ya mamilioni"

Si kweli, ingawa wauzaji wangependa tuamini hivyo.

Kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya kupima antibiotiki, EUCAST, ilitengeneza utaratibu unaotumia sahani zilezile na vikaratasi vilevile. Chupa ya damu ikitoa ishara kwamba kuna kinachoota, mtaalamu huchukua tone moja kwa moja kutoka chupani, bila kungoja madoa, akapaka sahani na kuweka vikaratasi. Anasoma kwa rula baada ya saa 4, 6 au 8, akitumia jedwali maalumu la saa hizo. Usiku mzima umeokolewa, pengine miwili, kwa vifaa vilivyokuwa tayari kabatini. Masharti yapo: ni lazima bakteria awe ametambuliwa ni wa aina gani, na maabara iwe na mtu wa kusoma sahani hiyo saa 4 usiku. Sharti la mwisho ndilo gumu kwetu.

Mwaka 2012 Nordmann, Poirel na wenzao wa Ufaransa walitoa kipimo cha Carba NP kwa ajili ya wale wanaovunja karbapenemu. Ni kijichupa chenye dawa na kimiminika chekundu. Unachanganya bakteria, unaweka kwenye joto, na kama dawa inakatwa asidi inaongezeka na wekundu unageuka njano, ndani ya saa 2. Kinasomwa kwa macho.

Gharama kwa upande mwingine ni halisi. Katriji ya Xpert iliuzwa kwa nchi zetu dola 9.98 tangu 2012, ikashuka hadi 7.97 mwaka 2023 baada ya kelele nyingi za wanaharakati. Mashine inataka umeme usiokatika, chumba kisichozidi nyuzi 30 na ukaguzi wa kila mwaka. Lakini pengo letu kubwa liko chini ya hapo. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, ulioongozwa na Jumuiya ya Tiba ya Maabara ya Afrika na kutangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara kama 50,000, zinazopima bakteria kwa kuotesha na njia nyingine za aina hiyo ni asilimia 1.3 tu. Maabara zilizobaki hazikosi tu mashine ya dakika 45. Hata sahani ya agari hazina.

"Mwili wangu umezoea dawa"

Si kweli. Anayekuwa sugu ni bakteria, na ndiyo maana anaweza kumhamia jirani yako ambaye hajameza kidonge maishani. Shirika la Afya Duniani lilipouliza watu wa nchi 12 mwaka 2015, asilimia 76 waliamini ni mwili unaozoea. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walikuwa wameshaonyesha, kwa kunakili bakteria kutoka sahani hadi sahani kwa kitambaa cha mahameli, kwamba bakteria sugu huwemo hata kabla dawa haijafika. Dawa huua wenzao tu, ikawaachia nafasi. Kipimo hupima walioachiwa hiyo nafasi.

"Vipimo vya jeni vitamaliza kazi ya kuotesha"

Si kweli, angalau kwa muda wote ninaoweza kuuona mbele.

Kwa miaka mingi maabara za Ulaya zilimtambua MRSA, yule bakteria wa vidonda na majipu anayeshinda dawa za jamii ya penisilini, kwa kutafuta jeni ya mecA. Ikipatikana, ni sugu. Isipopatikana, si sugu. Kisha nchini Uingereza kukatokea bakteria kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele: kwenye sahani waliota mpaka ukingoni mwa dawa, lakini kipimo cha mecA kikasema hawana kitu. Walipochunguzwa walikutwa na jeni nyingine, inayofanana na ile kwa takribani asilimia 70 tu, ambayo leo inaitwa mecC. Habari zilichapishwa mwaka 2011. Bakteria hao walikuwemo pia kwa binadamu, kwenye sampuli zilizohifadhiwa miaka mingi nyuma.

NDM nayo ilijulikana kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2008, Sweden, mkojo wa mgonjwa aliyekuwa amelazwa New Delhi uliotesha Klebsiella ambaye karbapenemu hazikumweza, na vipimo vya jeni vilivyokuwepo wakati huo havikutoa maelezo. Watafiti walitafuta kimeng'enya kipya ndani yake, wakakichapisha mwaka 2009. Ule ukanda wa dakika 15 wenye mstari wa NDM ulikuja miaka kadhaa baadaye, na kabla ya kuuzwa ulijaribiwa kwa bakteria waliooteshwa kwenye sahani, wakatunzwa kwenye friji za maabara.